Siku za Kumbukumbu: Tunamkumbuka Nani, na kwa Nini?

1. Fungua kalenda

Katika ofisi ya kijiji mara nyingi pana kalenda ukutani. Kabla hujaanza kisomo, uliitazama ukaona picha tu. Sasa unaweza kuisoma. Unaweza kusoma jina la mwezi. Unaweza kutafuta tarehe ya leo.

Utaona kwamba tarehe nyingine zimeandikwa kwa wino mwekundu. Hizo ni sikukuu. Siku hizo ofisi hufungwa na watoto hawaendi shule. Lakini ziko pia siku za kumbukumbu ambazo hazina wino mwekundu. Hizo nazo zina maana kubwa.

Siku ya kumbukumbu ni siku iliyotengwa ili watu wakumbuke jambo au mtu. Siku hizo ni za namna tatu:

(a) Siku za taifa. Hizi hukumbusha uhuru, mashujaa na viongozi.
(b) Siku za dini. Hizi hukumbusha watakatifu na matendo yao.
(c) Siku za haki. Hizi hukumbusha watu wanaoonewa, kama vile wanawake, watoto, wafanyakazi na walemavu.

Watu wengi huzijua siku hizi kwa chakula na ngoma tu. Siku ikipita, wamesahau. Hilo halitoshi. Kila siku ya kumbukumbu ina maswali matatu:

Kwanza, ni jambo gani lilitokea?
Pili, ni nani aliyeichagua siku hiyo, na kwa nini?
Tatu, siku hiyo inatudai tufanye nini?

Yaweke maswali haya matatu kichwani. Tutayatumia katika somo lote.

2. Julai 19: Siku aliyokufa Mkwawa

Tuanzie nyumbani, hapa Nyanda za Juu Kusini. Mwezi wa Julai ni wakati wa baridi. Mahindi yamevunwa au yanamalizwa kuvunwa. Katika mwezi huu zimo siku nyingi za kumbukumbu. Mojawapo ni tarehe 19.

Mkwawa alikuwa mtawala wa Wahehe. Makao yake makuu yalikuwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa wa leo. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameingia pwani na walitaka kutawala nchi yote. Mwaka 1891 walituma jeshi kwenda Uhehe. Kiongozi wa jeshi hilo aliitwa Emil von Zelewski.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi hilo lilifika Lugalo. Askari walikuwa wakitembea katika mstari mrefu. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani. Ghafula waliwashambulia kwa mikuki. Zelewski aliuawa pamoja na askari wake wengi. Wahehe nao walipoteza watu wengi.

Wajerumani hawakusahau. Walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa hakukamatwa. Aliingia porini na kuendelea kupigana. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Hata hivyo watu walimficha na kumlisha kwa karibu miaka minne.

Tarehe 19 Julai 1898 askari wa Kijerumani walimkaribia mahali paitwapo Mlambalasi. Mkwawa alijipiga risasi. Hakutaka kukamatwa akiwa hai. Wajerumani waliukata mkono wa historia? La, walifanya jambo baya zaidi kwa mwili wake: walikata kichwa chake wakakipeleka Ujerumani.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kwetu sisi maiti ni kitu cha heshima. Mtu akifa ugenini, ndugu huchanga fedha ili azikwe kwao. Je, watu wa Uhehe walijisikiaje walipojua kwamba kichwa cha mtawala wao kiko ng'ambo ya bahari?

3. Neno lililoandikwa hungoja

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Wajerumani walishindwa, na Waingereza wakaichukua Tanganyika. Mwaka 1918 mtawala wa Kiingereza hapa nchini, Horace Byatt, aliandika kwa serikali yake London. Alipendekeza kwamba Wajerumani walirudishe fuvu la Mkwawa.

Tarehe 28 Juni 1919 mataifa yaliyopigana yalitia sahihi mkataba wa amani mjini Versailles, huko Ufaransa. Mkataba huo ni mrefu sana. Unazungumzia mipaka ya nchi, majeshi na madeni makubwa. Lakini katika ibara ya 246 limetajwa fuvu la Mkwawa. Ibara hiyo iliitaka Ujerumani iwape Waingereza fuvu hilo katika muda wa miezi sita.

Miezi sita ikapita, na fuvu halikuletwa. Miaka ikapita. Wazee waliomjua Mkwawa wakafa mmoja mmoja. Lakini ile ibara ya 246 haikufa. Karatasi ilikuwepo, na maneno yalikuwa juu yake.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho mjini Bremen, Ujerumani. Huko yalikuwepo mafuvu mengi. Lilichaguliwa moja. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa hapo Kalenga. Adam Sapi alikuwa mjukuu wa Mkwawa. Baadaye, baada ya uhuru, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Fuvu hilo limewekwa katika jumba la makumbusho la Kalenga, na wageni huenda kuliona.

Angalia tena tarehe. Fuvu lilirudi 19 Juni 1954. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Siku hiyo tunaiita Saba Saba.

Tuulize sasa swali la pili: nani alichagua, na kwa nini? Waingereza walirudisha fuvu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini walikuwa na shabaha yao pia. Walitaka Wahehe wawe upande wao. Kwa hiyo msomaji mwangalifu hatazami sherehe tu. Humtazama pia anayeiandaa.

Liko jambo jingine la kukumbuka. Majirani wa Wahehe walikuwa Wasangu wa Merere, ambao nchi yao ya Usangu leo imo katika Mkoa wa Mbeya. Kabla ya Wajerumani kuja, Wahehe waliwapiga Wasangu na kuwafukuza kwao. Wajerumani walipokuja, Wasangu waliungana nao ili warudi katika nchi yao. Basi, shujaa wa Iringa hakuwa shujaa kwa kila mtu wa Mbeya. Tusiifiche habari hii. Mgeni aliingia kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumegawanyika. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanalima pamoja, wanauziana mpunga na kuoana. Tunakumbuka ugomvi wa zamani ili tusiurudie.

Na swali la tatu: Julai 19 inatudai nini? Inatukumbusha kwamba Mkwawa hakupigana peke yake. Walikuwepo waliomlisha porini. Walikuwepo wanawake waliotwanga unga usiku na kuupeleka kwa siri. Walikuwepo wapagazi waliolazimishwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi wao hatujui hata majina yao. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni mwa somo.

4. Julai 18: Siku ya Mandela, na safari yake ya Mbeya

Siku moja tu kabla ya siku ya Mkwawa, dunia nzima inamkumbuka mtu mwingine. Tarehe 18 Julai ni siku aliyozaliwa Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1918. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2009 kwamba siku hiyo iwe Siku ya Mandela. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010.

Utauliza, "Mandela anahusikaje na sisi wa huku?" Soma.

Zamani serikali ya Afrika Kusini ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mtu mweusi hakuwa na kura. Hakuweza kukaa mahali alipotaka. Alipaswa kutembea na kitambulisho maalumu, na asipokuwa nacho alikamatwa. Ubaguzi huo uliitwa apartheid. Mandela na chama chake cha ANC waliupinga.

Mwezi Januari 1962 Mandela alitoka nchini mwake kwa siri, bila pasi ya kusafiria. Alipita Bechuanaland, ambayo leo inaitwa Botswana. Kutoka huko alipanda ndege ndogo iliyomleta Mbeya. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 9, 1961. Ilikuwa nchi huru kwa muda wa mwezi mmoja hivi!

Mandela aliingia katika hoteli mjini Mbeya. Aliwaona weusi na weupe wameketi pamoja barazani, wakizungumza. Kwao hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Alikuwa akimngojea John Mwakangale, Mbunge na kiongozi wa TANU. Akamsikia mgeni mmoja Mwafrika akimwuliza mhudumu mzungu kama Mwakangale alikuwa amewaulizia, na akimwonya kwa adabu lakini bila woga. Baadaye Mandela aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba hapo ndipo alipojisikia kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Alijisikia huru. Hakuna aliyempima kwa rangi ya ngozi yake.

Kutoka Mbeya Mandela alikwenda Dar es Salaam, na huko akaonana na Mwalimu Julius Nyerere. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mandela alikamatwa baada ya kurudi kwao. Alikaa kifungoni miaka 27. Alitoka tarehe 11 Februari 1990. Mwaka 1994 alichaguliwa kuwa Rais wa nchi yake. Alifariki tarehe 5 Desemba 2013.

Siku ya Mandela inatudai nini? Siku hiyo watu huombwa watumie dakika 67 kuwasaidia wengine. Kwa nini 67? Kwa sababu Mandela alitumikia haki kwa miaka 67. Dakika 67 ni saa moja na dakika saba. Katika muda huo mnaweza kusafisha chemchemi. Mnaweza kumtengenezea mjane paa linalovuja. Mnaweza kumsomea mzee asiyeona barua yake. Kazi hiyo haihitaji fedha wala hotuba.

5. Agosti 8: Nane Nane

Jina la John Mwakangale halikupotea. Viwanja vya maonyesho ya wakulima mjini Mbeya vinaitwa kwa jina lake. Katika wiki ya kwanza ya Agosti, wakulima na wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini hukusanyika hapo. Kilele ni tarehe 8 Agosti, yaani Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima.

Wengi wanaokwenda Nane Nane hawajui kwamba jina la viwanja ni jina la mtu. Ukienda mwaka huu, lisome bango la mlangoni. Kisha mweleze mwanao: "Huyu ndiye aliyempokea Mandela Mbeya."

Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai. Baadaye ikahamishiwa Agosti 8, na Saba Saba ikawa siku ya maonyesho ya biashara. Hapa tunajifunza kwamba siku za kumbukumbu hazikushuka kutoka mbinguni. Watu ndio wanaozipanga, na watu wanaweza kuzibadili.

Nane Nane inatudai nini? Kwanza, inamdai mkulima ajifunze. Nenda na daftari. Andika jina la mbegu, nafasi kati ya mashina, na kiasi cha mbolea. Pili, inawadai viongozi wamsikilize mkulima. Mahindi na viazi vya Mbeya na Iringa hulisha watu wa mijini. Ni haki mkulima naye aulize juu ya bei, barabara na mizani. Sikukuu yake isiwe siku ya kupiga makofi tu.

6. Siku za watakatifu

Katika dini pia ziko siku za kumbukumbu. Waislamu husoma Maulidi kukumbuka kuzaliwa kwa Mtume. Wakristo wa madhehebu mengine huwakumbuka watakatifu, kila mmoja kwa siku yake. Tutazame siku mbili. Hata kama dini yako ni nyingine, utapata la kujifunza.

Juni 3: Mashahidi wa Uganda. Vijana hawa walikuwa watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Walikataa kuiacha imani yao. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kiongozi wao mmoja alikuwa Karoli Lwanga. Walikuwepo Wakatoliki na Waanglikana, na walikufa pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu. Kila mwaka mahujaji wengi huenda Namugongo, na wengine hutoka Tanzania. Siku hii inatuuliza: je, unaweza kumwambia mkubwa "hapana" anapokuamuru kufanya uovu?

Februari 8: Bakhita. Huyu alizaliwa Sudan, karibu na mwaka 1869. Akiwa mtoto mdogo, watu wawili walimteka na kumwuza utumwani. Aliuzwa tena na tena. Alipigwa na kutiwa makovu mwilini. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu maana yake "mwenye bahati". Alipelekwa Italia. Mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Akawa mtawa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 alitangazwa kuwa mtakatifu. Tangu mwaka 2015 siku yake ni siku ya kuombea wote wanaouzwa na kusafirishwa kwa hila.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba habari ya Bakhita ni ya zamani na ya mbali. Katika vijiji vyetu vya Iringa na Mbeya hufika watu wanaotafuta wasichana wa kazi za nyumbani. Mgeni huja amevaa vizuri. Humwambia mama, "Mama, nipe binti yako. Atakaa na watu wema Dar es Salaam. Kila mwezi atakuletea fedha." Mama ana shida. Anakubali. Wako wasichana wanaofika salama na kulipwa. Lakini wako wanaofungiwa ndani, wanaopigwa, wasiolipwa, na wasiojua namna ya kurudi kwao. Wengine ni watoto waliopaswa kuwa darasani.

Sheria ya nchi imesema. Sheria ya mwaka 2008 inakataza biashara ya kusafirisha binadamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kalamu yako inaweza kumlinda binti wa kijiji. Mgeni akija kutafuta msichana wa kazi, fanya hivi:

(a) Usimtoe mtoto wa shule. Mwache amalize masomo.
(b) Mpeleke mgeni kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtu mwema hataogopa kwenda.
(c) Andika jina la mgeni, namba yake ya simu, na mahali binti atakapokaa.
(d) Andika mshahara waliopatana, na siku ya kulipwa.
(e) Mfundishe binti kuandika jina lake, jina la kijiji, kata na wilaya, na namba ya simu ya nyumbani. Azijue kwa moyo.
(f) Mtoto akionewa, mtu yeyote anaweza kupiga simu namba 116. Haina malipo.

Bakhita alipoteza jina lake kwa sababu hapakuwa na wa kumtetea. Binti zetu wasipotee hivyo. Hiyo ndiyo namna ya kuadhimisha Februari 8, hata kwa asiye Mkristo.

7. Siku isiyo na tarehe

Tumesoma habari za watu wakubwa. Sasa turudi kwa wale wasiojulikana.

Kila kijiji kina watu wake waliofanya mema. Yuko mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji. Yuko mzee aliyetoa shamba lake ili shule ijengwe. Yuko kijana aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na hakurudi. Wako waliochimba mfereji kwa jembe la mkono. Hawamo katika kalenda ya taifa. Lakini maji tunayokunywa na shule wanayosoma watoto wetu vinatokana na kazi yao.

Wazee wanazo habari hizi vichwani. Mzee akifa, huondoka nazo. Kumbuka ibara ya 246. Maneno machache katika karatasi yalingoja karibu miaka 35, kisha yakatimia. Yasingeandikwa, nani angelikumbuka fuvu hilo mwaka 1954?

Basi, darasa lenu la kisomo linaweza kuanzisha Daftari la Kumbukumbu za Kijiji. Fuateni hatua hizi:

Hatua ya kwanza: Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Litunzwe mahali pakavu, pasipo na mchwa wala panya.

Hatua ya pili: Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wawatembelee wazee. Waende kwa heshima. Waombe ruhusa kwanza, kwa kusema, "Shikamoo, babu. Tumekuja kujifunza kwako."

Hatua ya tatu: Ulizeni juu ya wanaume na wanawake. Mara nyingi habari za wanawake husahauliwa. Ulizeni: "Bibi, siku hizo nani alileta maji? Nani alitunza wagonjwa?"

Hatua ya nne: Andikeni jina kamili, kazi aliyofanya, na mwaka. Kama mzee hajui mwaka, andikeni jambo lililotokea wakati huo, kwa mfano "mwaka wa njaa kubwa" au "mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa".

Hatua ya tano: Msomeeni mzee mlichoandika. Akisema mmekosea, sahihisheni.

Hatua ya sita: Mkutano wa kijiji uchague siku moja katika mwaka. Siku hiyo someni majina yote kwa sauti, kisha fanyeni kazi moja ya manufaa kwa wote. Chakula na ngoma vitafuata baada ya kazi.

8. Baadhi ya siku za kumbukumbu

Soma orodha hii polepole. Kisha zitafute tarehe hizi katika kalenda.

Januari 12: Mapinduzi ya Zanzibar, 1964.
Februari 8: Bakhita, kupinga biashara ya binadamu.
Februari 27: Mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea, 1906.
Machi 8: Siku ya Wanawake Duniani.
Aprili 7: Kifo cha Sheikh Abeid Amani Karume, 1972.
Aprili 12: Kifo cha Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, 1984.
Aprili 26: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 1964.
Mei 1: Siku ya Wafanyakazi, yaani Mei Mosi.
Juni 3: Mashahidi wa Uganda, 1886.
Juni 13: Siku ya kutetea haki za watu wenye ualbino.
Juni 16: Siku ya Mtoto wa Afrika, kukumbuka wanafunzi waliouawa Soweto, 1976.
Julai 7: Saba Saba, kuanzishwa kwa TANU, 1954.
Julai 18: Siku ya Mandela.
Julai 19: Kifo cha Mkwawa, 1898.
Julai 25: Siku ya Mashujaa wa Tanzania.
Agosti 8: Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima.
Septemba 8: Siku ya Kisomo Duniani. Hii ni siku yako wewe unayesoma sasa.
Oktoba 14: Kifo cha Mwalimu Julius Nyerere, 1999.
Desemba 9: Uhuru wa Tanganyika, 1961.

9. Maneno ya kujifunza

fuvu: mfupa wa kichwa cha mtu aliyekufa
ibara: sehemu ya sheria au ya mkataba, yenye namba yake
kuadhimisha: kufanya sherehe ya kukumbuka jambo
mahujaji: watu wanaosafiri kwenda mahali patakatifu
makumbusho: nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale
mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi
shahidi: hapa maana yake ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake
shabaha: kusudi

10. Maswali

1. Vita vya Lugalo vilipiganwa tarehe gani?
2. Kwa nini Mkwawa alijipiga risasi?
3. Fuvu la Mkwawa limetajwa katika ibara ya ngapi ya mkataba wa Versailles?
4. Mandela alimngojea nani mjini Mbeya mwaka 1962?
5. Kwa nini watu huombwa watumie dakika 67 katika Siku ya Mandela?
6. Taja mambo matatu ya kuandika kabla binti hajaenda kazini mjini.

Hesabu

1. Kutoka vita vya Lugalo (1891) hadi kifo cha Mkwawa (1898) ni miaka mingapi?
2. Kutoka mkataba wa Versailles (1919) hadi fuvu kurudi Kalenga (1954) ni miaka mingapi?
3. Darasa lina watu 20. Kila mmoja akifanya kazi dakika 67, jumla ni dakika ngapi?

Majadiliano

Zungumzeni darasani: Je, katika kijiji chetu wako wasichana waliokwenda kazi mjini ambao hatuna habari zao? Ni nani atakayekwenda kwa wazazi wao kuuliza? Ni lini?

Kazi ya kufanya

Leo jioni, kabla hujalala, andika jina la mtu mmoja wa kijiji chako anayestahili kukumbukwa. Chini ya jina lake andika mstari mmoja juu ya kazi aliyoifanya. Ulete mstari huo darasani. Huo utakuwa mstari wa kwanza wa daftari lenu.